Makanisa ya Miti ya Milima ya Norway

Wasomaji wetu wengi wamezoea kusikia ya kuwa nyumba ya mawe ndiyo ya kudumu, na nyumba ya miti ni ya muda tu. Neno hili lina ukweli wake. Kila aliyejenga kwa miti ajua jinsi nguzo inavyoliwa na mchwa, au inavyooza pale inapoingia ardhini, hata baada ya miaka michache nyumba nzima yainama. Lakini si kweli kabisa. Katika nchi ya Norway, iliyo kaskazini mwa Ulaya, yako makanisa ya miti yaliyojengwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, nayo yangali yamesimama. Twapenda kueleza yalijengwaje, kwa nini hayakuoza, na kwa nini mengi ya wenzao hayaonekani tena. Habari hizi zamfaa kila mjenzi, na kila aliyekabidhiwa mali ya watu wote.

Nchi na watu wake

Norway ni nchi ya milima mikubwa. Bahari imeingia ndani ya nchi kwa mikono mirefu, myembamba, nayo wenyeji huiita fjord. Mrefu kuliko yote ni Sognefjord, ambao urefu wake wapita maili 120. Na kando zake milima yapanda wima kutoka majini. Mashamba ni vipande vidogo vilivyobanwa kati ya maji na majabali, na wakati wa baridi theluji hufunika nchi kwa miezi mingi.

Katika nchi hiyo mti wa msonobari humea kwa wingi, na watu wake walikuwa mafundi hodari wa kuunda merikebu za mbao tangu zamani. Basi walipoingia katika dini ya Kikristo, yapata mwaka 1000, wengi walijenga makanisa yao kwa kitu walichokijua, yaani mti. Wataalamu wakadiria ya kuwa katika karne zile yalijengwa makanisa ya namna hii zaidi ya 1,000. Leo katika Norway yamesalia 28 tu. Kanisa la Urnes, lililo kando ya mkono mmoja wa Sognefjord, lilijengwa karibu na mwaka 1130. La Borgund, katika bonde la Lærdal, lilijengwa karibu na mwaka 1180. Kubwa kuliko yote ni la Heddal, katika jimbo la Telemark.

Huenda msomaji atauliza, Miaka hii yajulikanaje? Jibu limo ndani ya mti wenyewe. Katika nchi za baridi mti huongeza pete moja kila mwaka. Mwaka mwema pete huwa pana, na mwaka mbaya huwa nyembamba. Wataalamu hulinganisha pete za boriti ya kanisa na pete za miti mingine ambayo miaka yake yajulikana, hata wakapata mwaka ule ambao mti ulikatwa.

Nguzo na ardhi

Wajenzi wa kwanza wa Norway walifanya kama wafanyavyo wajenzi wengi duniani: walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo ndani yake, wakashindilia udongo. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyaona mashimo hayo chini ya makanisa kadhaa, na Urnes ni mojawapo. Nguzo zile hazikudumu. Mti ulio mkavu daima hukaa sana. Lakini pale unapokutana na ardhi, leo una maji, kesho umekauka, keshokutwa una maji tena, na hapo ndipo uozo unapoanza.

Kisha mafundi wakavumbua dawa, nayo ni nyepesi kuieleza: waliitoa nguzo ardhini. Walipanga mawe makubwa juu ya ardhi. Juu ya mawe wakalaza boriti nne nene zikikingamana, mbili huku na mbili huku, mfano wa fremu ya kitanda. Boriti hizo twaweza kuziita boriti za kitako. Juu yake ndipo waliposimamisha nguzo zao. Tangu hapo hapana mti wowote wa kanisa uliogusa udongo, na upepo ulipita chini ya jengo ukalikausha. Badiliko hili moja ndilo lililofanya makanisa yaliyojengwa baadaye yaweze kukaa miaka 800, ambapo yale ya kwanza yalioza upesi.

Jinsi jengo linavyofungwa

Katika lugha ya Norway nguzo ya namna hii huitwa stav, na makanisa yenyewe yamepata jina lao kwa neno hilo. Ukuta wake si magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, bali ni mbao nene zilizosimamishwa wima. Ubao mmoja umechongwa ulimi ubavuni, na wa pili umechongwa mfuo. Ulimi huingia katika mfuo, hata upepo usipate njia. Miguu ya mbao imeingia katika mfuo wa boriti ya chini, na vichwa vyake katika mfuo wa boriti ya juu. Hivyo ukuta mzima umeshikwa pande zote kama picha katika fremu yake.

Katika makanisa makubwa kuna nguzo nyingine ndefu zilizosimama ndani peke yake, zikizunguka mahali pa katikati, nazo hubeba paa la juu. Ili zisiyumbe, mafundi waliziunganisha kwa mbao zilizokingamana mfano wa herufi X, na kwa viwiko, yaani vipande vya mti vilivyopinda kama tao. Viungo vingi vimefungwa kwa misumari ya mti, wala si ya chuma. Upepo mkali ukivuma, jengo hunyumbuka kidogo, kisha hurudi mahali pake.

Mti uliotumika ni msonobari, na hasa moyo wa mti, ulio mgumu na wenye utomvu mwingi. Paa ni la mteremko mkali ili theluji na maji yashuke upesi, nalo limefunikwa kwa vigae vya mti. Kanisa la Borgund limezungukwa na baraza lenye paa lake, na baraza hilo si mahali pa kusimama watu tu, bali hukinga mvua isipige mbao za chini na boriti za kitako. Juu ya ncha za paa vimewekwa vichwa vya majoka vya mti. Na mlangoni pa kaskazini pa Urnes kuna nakshi ya mnyama mwenye miguu minne na nyoka waliosokotana na kuumana. Mbao hizo zilichongwa katika karne ya 11 kwa kanisa lililotangulia. Wajenzi wa baadaye hawakuzitupa, bali walizitia katika kanisa jipya. Katika mwaka 1979 kanisa la Urnes lilitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Lami na wajibu wa watu

Hata hivyo ujenzi mwema peke yake haukutosha. Mti wa nje hupigwa na jua, mvua na barafu, na usipopakwa dawa hupasuka. Dawa yao ilikuwa lami ya msonobari. Walichimbua visiki vya kale vyenye utomvu, wakavipasua vipande vidogo, wakavipanga katika shimo lililochimbwa kwenye mteremko na kutandikwa maganda ya mti. Kisha walivifunika kwa majani na udongo, wakatia moto na kuuacha uungue polepole pasipo hewa nyingi, kama wafanyavyo wachoma makaa. Utomvu uliyeyuka, ukatiririka chini kwa mfereji, ukakingwa katika mapipa. Lami hiyo ilipakwa ukutani na juu ya paa ingali moto. Lakini jua huiyeyusha na mvua huiosha, kwa hiyo kazi hii haina mwisho. Baada ya miaka michache hurudiwa.

Ni nani aliyeifanya? Wakulima wenyewe. Sheria ya kale ya Gulating, iliyotawala magharibi mwa Norway, iliwaagiza watu watunze makanisa yao. Nguzo za pembeni za kanisa zikianguka, iliwapasa kuleta miti mipya kiwanjani kabla ya miezi 12 kwisha, au walipe faini kwa askofu. Tuone hapo jinsi sheria ilivyotaja jambo lenyewe, yaani nguzo za pembeni, na muda wenyewe, na adhabu yenyewe. Haikusema tu ya kuwa ni vizuri kutunza. Mali ya wote isiyo na siku ya kukaguliwa wala mtu wa kuulizwa huwa si mali ya mtu yeyote.

Yaliangushwa na nini?

Sasa twafika penye swali zito. Ikiwa makanisa yale yalijengwa vema na kutunzwa, mbona yamebaki 28 katika zaidi ya 1,000?

Sababu ya kwanza ni tauni kuu iliyoingia Norway katika mwaka 1349. Watu wengi mno walikufa, mashamba yakawa mahame, na makanisa mengi yakakosa wa kusali ndani yake na wa kuyapaka lami. Mengine yaliungua, na mengine yalioza kwa kukosa wenyewe.

Lakini mengi yaliyookoka siku zile yalivunjwa baadaye kwa mikono ya watu. Katika karne ya 19 watu wa Norway waliongezeka sana, na makanisa ya kale yalikuwa madogo, yenye giza na baridi. Katika mwaka 1851 ilitungwa sheria ya kuwa kila kanisa lazima liweze kuingiza walau sehemu 3 katika 10 za watu wa usharika wake. Penye watu 1,000, sharti 300 wapate nafasi. Sheria hii haikuwa ya ubaya, kwa maana si haki watu wasimame nje katika theluji. Lakini sharika nyingi zilipotafuta nafasi ziliona njia moja tu: kulivunja la kale ili kujenga jipya. Mbao zilizochongwa karne nyingi zilizopita zikauzwa kama mbao kuukuu. Kile ambacho mvua ya miaka 700 ilishindwa kukiangusha, kiliangushwa kwa uamuzi wa kikao kimoja.

Wako waliotafuta njia nyingine. Johan Christian Dahl, mchoraji wa picha aliyezaliwa Norway, alipoona kanisa la Vang litavunjwa, alilinunua katika mnada wa mwaka 1841. Hakupata mahali pa kulisimamisha katika nchi yake, na mfalme wa Prussia akalichukua. Lilifunguliwa ubao kwa ubao, likasafirishwa, na leo limesimama Karpacz, katika milima ya Poland. Katika mwaka 1844 kilianzishwa chama cha kutunza mambo ya kale ya Norway, na Dahl alikuwa mmoja wa walioanzisha.

Watu wa Borgund nao walihitaji kanisa kubwa zaidi. Katika mwaka 1868 walilijenga kando ya lile la kale, wala hawakulivunja la kale. Katika mwaka 1877 chama kile kikalichukua la kale na kulitunza. Leo yote mawili yasimama pamoja, na watu hutoka nchi za mbali kwenda kulitazama la kale. Hivyo shida ya nafasi iliondolewa, na urithi haukupotea.

Tusidhani, lakini, ya kuwa kilichookolewa kimeokolewa daima. Kanisa la Fantoft, lililohamishiwa karibu na mji wa Bergen katika mwaka 1883, lilichomwa moto kwa makusudi mwezi wa Juni 1992 likateketea. Lililopo sasa ni jipya, lililojengwa kwa mfano wa lile. Na tangu 2001 hata 2015 serikali ya Norway ilifanya kazi kubwa ya kuyatengeneza makanisa yote 28, na mahali pengi dosari ilikuwa ile ile ya zamani: maji yaliyopata njia ya kuingia katika mti.

Mafundisho kwetu

Kwanza, anayejenga kwa miti atazame miguu ya nguzo kabla ya kutazama urembo wa paa. Nguzo iliyowekwa juu ya jiwe, na paa lililotoka nje ya ukuta vya kutosha, ni kinga bora kuliko ugumu wa mti wenyewe.

Pili, kutunza ni kazi yenye majira yake. Wazee wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shule, kanisa, msikiti au baraza la kijiji lapasa kuwa na siku moja ya kukaguliwa kila mwaka kabla ya mvua, na mtu aliyetajwa kwa jina wa kufanya kazi hiyo.

Tatu, jengo la kale likiwa dogo, wazee wakae na kuuliza kama jipya haliwezi kujengwa kando yake. Kuvunja ni kazi ya siku mbili, wala hakuna kikao kiwezacho kurudisha kilichokwisha vunjwa.

Na walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili pasipo gharama. Wakate vijiti viwili vya mti mmoja, kimoja wakichimbie ardhini, cha pili wakisimamishe juu ya jiwe chini ya ukingo wa paa. Baada ya mvua za mwaka mmoja watoto wavipasue vyote viwili na kuandika katika madaftari yao yale waliyoyaona.