Mafunzo Niliyopata Nikipima Mikopo ya Wafanyabiashara

Nimekuwa afisa mikopo wa benki Dar es Salaam na Masasi. Fedha tunazokopesha ni amana za watu: mwalimu mstaafu, kikundi cha akina mama, muuza samaki. Kwa hiyo kupima mkopo, kwangu, ni kumlinda mwenye amana na kumlinda mkopaji kwa wakati mmoja.

1. Dhamana hailipi mkopo

Mkopaji akija na hati ya nyumba huamini kazi imekwisha. Kwangu haijaanza. Mkopo hulipwa na fedha inayoingia dukani kila siku. Nyumba ni mlango wa dharura, tena mwembamba. Ikiwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla haijawekwa rehani. Mkopo ukishindikana kuna notisi, pengine kesi, kisha mnada ambao majirani huona haya kununua. Bei inaanguka, benki inaambulia sehemu, familia inakosa pa kulala. Afisa anayekopesha kwa kuitazama hati peke yake anawatendea watu hao ukatili.

2. Hesabu ipigwe kwa mwezi mbaya

Chukua duka linalouza shilingi 9,000,000 kwa mwezi, faida asilimia 15. Hiyo ni 1,350,000. Toa kodi ya pango 300,000, mshahara wa msaidizi 150,000 na matumizi ya nyumbani 450,000. (Hili la mwisho husahaulika sana, ingawa sukari ya nyumbani na umeme wa dukani hutoka droo moja.) Zinabaki 450,000, na mkopaji anaona rejesho la 300,000 ni jepesi.

Sasa shusha mauzo kwa moja ya tano, jambo la kawaida Januari wazazi wanapolipia shule. Faida inakuwa 1,080,000, matumizi yako palepale, zinabaki 180,000. Pengo la 120,000 litazibwa kwa mtaji. Mwezi unaofuata bidhaa zimepungua rafuni, mauzo yanashuka tena, pengo linakua. Nimeona maduka mazuri yakifa hivyo, kwa sababu tu rejesho lilipimwa kwa mwezi wa sikukuu. Duka hili uwezo wake ni 180,000, na mkopo ukatwe kuanzia hapo.

3. Waulize wanaomwuzia bidhaa

Sokoni Kariakoo, mfanyabiashara anayeaminika huchukua mali kauli, auze kwanza, alipe baadaye. Mtu anayepewa mali kauli mwaka baada ya mwaka na wauzaji kadhaa ameshapimwa na watu wakali kuliko kamati yetu ya mikopo. Nikitoka kwao ndipo nasoma ripoti ya taasisi ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu.

Ripoti hiyo ina thamani kubwa, lakini mikopo ya mtaani yenye riba kali, iitwayo kausha damu, haimo. Hiyo naitafuta kwenye miamala ya simu: kiasi kilekile, kinachotoka kila Jumatatu, kwenda namba ileile. Nikikiona, namuuliza kwa upole, na karibu kila mara anasema kweli.

4. Marejesho yafuate msimu

Mnunuzi wa mpunga hujaza ghala wakati wa mavuno, akauza bei ikipanda. Ukimdai rejesho kamili kila mwezi unamlazimisha auze mapema. Alipe riba kwanza, deni lenyewe baada ya mauzo.

5. Tazama fedha inatoka wapi mwanzoni kabisa

Masasi vitabu vyetu vilionekana vimetawanya hatari vizuri: bodaboda, vifaa vya ujenzi, mama lishe, nyumba za wageni. Kisha ukaja msimu wa korosho wa 2018. Wakulima na wanunuzi hawakuelewana bei, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wengi yakachelewa. Wakopaji wetu wote wakachelewa pamoja, hata ambao hawajawahi kumiliki mkorosho, kwa kuwa wateja wao huishi kwa fedha ya korosho. Tangu hapo, kwenye kila faili naandika zao linalomlisha mteja wa mteja wangu.

6. Siku 90 ni nyingi mno

Kwa kanuni, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa chechefu. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, tangu Januari 2018, vinaitaka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa kuanzia siku mkopo unapotolewa. Hayo ni ya vitabuni. Mtaani, mtu aliyechelewa siku tatu hupokea simu yako. Wa siku 60 ameshabadili namba. Mpigie mapema, nenda dukani kwake, na kama tatizo ni la kweli mrefushie muda ili rejesho lipungue, akiwa bado ana bidhaa za kuuza.

7. Anayekataliwa aondoke na hesabu yake

Mtu aliyekataliwa bila maelezo huenda kausha damu jioni ileile. Mimi humkalisha, nikampa karatasi inayoonyesha kilichopungua na cha kufanya: mauzo yasiyoandikwa, deni la kumaliza kwanza, wateja walipe kwa Lipa Namba ili mzunguko uonekane. Baadhi hurudi na daftari lililojaa, na hao hulipa vizuri. Benki inayomjibu mwombaji kwa ujumbe mfupi wa simu, bila sababu, inawakosa.