SOMO LA AFYA: DAWA ZA KUPUNGUZA UNENE – TUULIZE NINI KABLA YA KUANZA?



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulifanyia mzaha, na wenye kulibeba hulisema kwa kunong'ona. Jambo hilo ni unene uliopita kiasi, pamoja na dawa mpya za kuupunguza. Habari za dawa hizi zimefika mpaka kwenye makambi ya mashamba na mabweni ya viwanda. Wengine wanazisifu kama muujiza, na wengine wanasema ni sumu. Sisi tunasema tujifunze kwanza. Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika vikundi, na mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake.

1. Unene wa kupindukia ni ugonjwa, si fedheha

Madaktari hutumia hesabu rahisi. Chukua uzito wako kwa kilo. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huo huo. Kisha gawanya uzito kwa jibu ulilopata. Ukipata 25 au zaidi, uzito wako umezidi. Ukipata 30 au zaidi, huo ndio unene wa kupindukia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ni mfungaji wa majani ya chai kiwandani. Ana kilo 104, na urefu wake ni mita 1.60. Urefu mara urefu ni 2.56. Kilo 104 gawanya kwa 2.56 ni karibu 41. Mama huyu ana shinikizo la damu, na magoti yanamuuma akisimama zamu nzima. Mara tatu amejinyima chakula. Mara ya mwisho alipunguza kilo 12, na baada ya mwaka zikarudi 15. Wenzake wanasema hana bidii, naye ameanza kuyaamini maneno yao.

Je, ni kweli hana bidii? Sivyo. Mwili ukipungua uzito hujitetea kana kwamba umeingiliwa na njaa. Homoni za kuleta njaa huongezeka, na zile za kuleta shibe hupungua. Mwili nao hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, kwa hiyo chakula kile kile humnenepesha tena. Mama huyu anapigana na mwili wake mwenyewe, tena kila siku.

Hali ya kazi nayo ina mchango wake. Zamu za usiku huvuruga usingizi, na mtu asiyelala vizuri huzidi kuona njaa. Chakula cha bei nafuu karibu na lango la kiwanda ni chapati, mandazi, viazi vya kukaanga na soda. Mboga, samaki na matunda ni ghali kwa mshahara wetu. Mashine nyingi siku hizi huendeshwa mtu akiwa ameketi. Wala tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mwaka 1 tu, wa 2022, ulikuta watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana unene wa kupindukia, yaani mtu 1 katika kila watu 8.

2. Funzo kutoka viwanda vya baruti

Kabla ya kusifu dawa mpya tukumbuke za zamani. Funzo la kwanza lililipiwa na wafanyakazi wa viwandani.

Katika vita vya 1914–1918, viwanda vya silaha vya Ufaransa vilitumia kemikali iitwayo dinitrofenoli katika kutengeneza baruti. Vumbi lake liliingia kwa pumzi na kwa ngozi. Wafanyakazi walitoka jasho jingi, walipata homa, walikonda, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1933 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliandika kwamba kemikali hiyo hiyo huwapunguza watu uzito. Ikauzwa kwa maelfu ya watu. Baadhi yao walipofuka kwa mtoto wa jicho, wengine mwili uliwaka joto mpaka wakafa. Sheria ya Marekani ya 1938 iliikomesha. Hata hivyo bado huuzwa kwa siri, na bado huua.

Mwaka 1997 dawa ya fenfluramine iliondolewa sokoni Marekani kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramine iliondolewa Ulaya na Marekani kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Tunajifunza nini hapa? Mtu kukonda si ushahidi kwamba dawa ni njema. Wale wafanyakazi wa baruti nao walikonda. Swali la kuuliza ni hili: je, aliyeitumia anaishi vizuri na kwa muda mrefu zaidi?

3. Dawa mpya hufanyaje kazi?

Dawa zinazosemwa sana leo ni semaglutide na tirzepatide. Zote zilianza kama dawa za kisukari. Marekani iliruhusu semaglutide kwa kisukari mwaka 2017, kisha kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Tirzepatide iliruhusiwa kwa kupunguza uzito mwaka 2023. Kwa kawaida huwa ni sindano ya chini ya ngozi, mara moja kwa wiki.

Utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1 baada ya kula. Homoni hiyo huuambia ubongo kwamba tumeshiba, na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Dawa hizi huiga kazi hiyo, lakini hukaa mwilini kwa siku nyingi. Mtumiaji hushiba mapema, na mawazo ya chakula humpungukia.

Zilijaribiwa je? Jaribio moja la semaglutide, lililotangazwa mwaka 2021, lilikuwa na watu 1,961. Baada ya wiki 68 waliopewa dawa walikuwa wamepungua karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wastani. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Jaribio la pili, lililotangazwa mwaka 2023, lilikuwa na watu zaidi ya 17,000 wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi, wasio na kisukari. Semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya kufa kwa moyo, mshtuko wa moyo au kiharusi. Hapo ndipo dawa hii inapotofautiana na zile za zamani.

Turudi kwa mama yetu wa chai. Asilimia 15 ya kilo 104 ni karibu kilo 16. Atabaki na kilo 88. Bado atakuwa mnene, na anayemtarajia awe msichana wa picha za matangazo amedanganywa. Lakini magoti yatapata nafuu na shinikizo la damu laweza kushuka. Hata kupungua asilimia 5, yaani kilo 5 hivi, huanza kuleta faida mwilini.

4. Madhara, na nani asitumie

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kigumu, hasa mwanzoni. Ndiyo sababu daktari huanza na dozi ndogo na kuipandisha polepole kwa miezi kadhaa. Madhara machache lakini makubwa ni mawe katika kifuko cha nyongo na uvimbe wa kongosho. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma ni ya kukimbilia hospitali, si ya kuvumilia.

Kwetu sisi kuna hatari zaidi. Mkata miwa anayetapika au kuharisha chini ya jua hupungukiwa maji upesi, na figo zake huumia. Anayetumia pia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiwa kwenye mashine au usukani. Mbeba mizigo ajue kwamba sehemu ya uzito unaopotea ni misuli, hivyo asiache maharage, mayai na dagaa.

Mwenye mimba asitumie. Anayekusudia kushika mimba aache semaglutide angalau miezi miwili kabla. Tirzepatide yaweza kudhoofisha nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mtu ambaye yeye au jamaa yake amepata saratani ya tezi ya shingo amwambie daktari kwanza, maana iko aina moja ya saratani hiyo inayokataza dawa hizi kabisa.

5. Ukiacha itakuwaje?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wa jaribio la 2021 walifuatiliwa baada ya kuacha sindano. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Si ajabu, kwani hata shinikizo la damu hupanda tena mtu akiacha vidonge. Ugonjwa wa muda mrefu hutaka matibabu ya muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2025. Lilisema watu wazima wenye unene wa kupindukia, isipokuwa wajawazito, wanaweza kutibiwa kwa dawa hizi kwa muda mrefu, pamoja na msaada wa chakula bora na mazoezi.

Kwa hiyo mfanyakazi asiulize tu, "Je, inafanya kazi?" Aulize, "Je, mwaka wa pili nitaipata?" Anayeuza mbuzi wake kununua sindano za miezi mitatu atakuwa amepoteza mbuzi, na kilo zitarudi.

6. Bei na udanganyifu

Mwaka 2024 watafiti walikadiria kwamba semaglutide ya mwezi mmoja ingeweza kutengenezwa na kuuzwa kwa chini ya dola 5 za Marekani. Mwaka huo huo bei iliyotangazwa huko Marekani kwa semaglutide ya kisukari ilikuwa karibu dola 970 kwa mwezi. Tofauti hiyo imelindwa na hati za kumiliki uvumbuzi. Katika nchi kama India na China hati ya semaglutide ni ya kumalizika mwaka 2026, na viwanda vingine vikiitengeneza bei hushuka. Vyama vya wafanyakazi viliona hayo katika dawa za UKIMWI, vikadai, na bei zikashuka.

Bei kubwa pia huzaa dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama imewapita wakaguzi wa huko, yaweza kufika na kwetu. Usinunue sindano sokoni, kwenye basi, wala kwa mtu wa simu. Sindano hizi hutunzwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Iliyosafirishwa mfukoni kwa siku nyingi haiaminiki. Jihadhari pia na chai na vidonge vya "mitishamba ya kukonda". Mara nyingi wapimaji wamekuta ndani yake ile ile sibutramine iliyopigwa marufuku.

7. Maswali ya kumuuliza daktari

Mwenye kufikiria dawa hii aende na maswali haya:

(a) Kipimo changu ni ngapi, na nina ugonjwa gani mwingine? Kwa kawaida dawa hutolewa kwa wenye 30 na zaidi, au 27 na zaidi wakiwa na maradhi yatokanayo na uzito.
(b) Dawa ninazotumia sasa zinapatana na hii?
(c) Nitatumia kwa muda gani, na kwa bei gani kila mwezi?
(d) Nitapimwa lini tena, na nani atanitazama nikiugua shambani?
(e) Kama siimudu, kuna njia gani nyingine?

Swali la mwisho si la kushindwa. Mama yetu wa chai anaweza kuona kwamba mshahara wake hauifikii. Basi aanze leo na vidonge vya shinikizo la damu, vilivyo rahisi, na apimwe sukari. Kutibu maradhi yanayofuatana na unene huokoa maisha hata kilo zisipopungua.

8. Kazi ya chama

Jambo hili lisiachiwe mtu mmoja na mfuko wake. Tunapokaa na mwajiri kwenye mazungumzo ya mkataba, tudai haya:

– Zahanati ya kazini ipime shinikizo la damu na sukari bila malipo, na iwe na dawa zake siku zote.
– Bima au mfuko wa matibabu usikatae unene wa kupindukia kwa kusema ni "urembo".
– Ruhusa ya kwenda kliniki isikatwe mshahara.
– Siri ya mgonjwa itunzwe. Msimamizi hana haki ya kumpima mtu uzito mbele ya wenzake, wala kumwachisha kazi kwa sababu ya umbo lake.
– Maji safi yawepo shambani, na posho ya mchana iende pamoja na maharage na mboga.

Nasi wenyewe tuanze kwa kuacha mzaha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mtu huficha kwa kuwa sisi tunamcheka.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini uzito hurudi baada ya mtu kujinyima chakula?
2. Wafanyakazi wa baruti wanatufundisha nini juu ya dawa za leo?
3. Kila mmoja apige hesabu: dawa ya mwezi ikilingana na mshahara wa mwezi, nani atalipa?
4. Katika madai ya sehemu ya 8, lipi lianze katika tawi letu, na nani atalipeleka?

Majibu ya swali la nne yaandikwe na kukabidhiwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.