Sumu ya Panya na Moyo

Mavuno yakishaingia ndani, panya nao hufuata. Ndiyo sababu mwezi huu tunazungumzia sumu yao. Watu wengi hudhani kwamba sumu ya panya huumiza tumbo tu. Mgonjwa akishatapika na kutulia, nyumba nzima hushusha pumzi. Hapo ndipo penye hatari.

Sumu hizi si za aina moja. Zipo zinazozuia damu kuganda. Aliyeila huweza kuonekana mzima siku mbili tatu, kisha fizi na pua huanza kutoka damu. Hiyo ina dawa yake, vitamini K. Inayotutia hofu zaidi ni ile ya fosfaidi: unga wa kijivu wa zinki unaotiwa katika chambo, na vidonge vya alumini vinavyowekwa kwenye nafaka kuua dumuzi na panya. Vikikutana na unyevu, au majimaji ya tumboni, hutoa gesi iitwayo fosfini. Harufu yake hufanana na ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini msingoje harufu.

Gesi hii huzuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Moyo, ambao haupumziki usiku wala mchana, huumia mapema. Misuli yake hulegea, presha hushuka, mapigo huenda ovyo. Mikono na miguu huwa ya baridi, na huku mgonjwa bado anaongea akiwa na akili timamu! Wengi wanaofariki hufariki katika saa 24 za kwanza. Kaskazini mwa India vidonge hivi vimeua watu wengi tangu miaka ya 1980.

Dawa ya kuiondoa sumu hii haijapatikana. Hospitali humpa mgonjwa oksijeni, dripu na dawa za kupandisha presha, na kuuangalia moyo wake saa kwa saa. Akivuka siku za mwanzo, mara nyingi moyo hurudia hali yake.

Kwa hiyo mkimbizeni hospitali hata kama anasema hajambo. Msimpe maziwa, maji wala mafuta. Msimtapishe kwa vidole. Fungueni madirisha ya gari, kwani matapishi nayo hutoa gesi. Chukueni pakiti ya sumu, au mwulizeni muuzaji ni sumu gani, maana sokoni mara nyingine huuzwa katika karatasi tupu.

Ikiwa ameila kwa kusudi, msifiche kwa aibu wala msimkaripie. Daktari aambiwe ukweli wote, na mgonjwa akirudi nyumbani asiachwe peke yake na uchungu wake.

Tena, magunia yenye vidonge yasikae katika chumba wanamolala watu. Gesi huwakuta usingizini, watoto kwanza. Kama ghala lenu ndicho chumba cha kulala, fugeni paka au tegeni mtego.