Kanisa Lenye Mnara Uliojipinda

Katika nchi ya Uingereza kuna mji uitwao Chesterfield. Msafiri apitaye huko kwa gari la moshi hushangaa. Juu ya nyumba zote aona ncha ndefu ya kanisa, lakini ncha hiyo haikunyoka. Imejipinda kama kamba iliyosokotwa, tena imeinama upande mmoja kama mtu mwenye mzigo. Nani aliyeipinda?

Kanisa hilo ni la Bikira Maria na Watakatifu Wote. Sehemu zake kubwa zilijengwa katika karne ya 13 na ya 14. Siku zile Waingereza walikuwa Wakatoliki, na Misa ilisomwa humo kwa Kilatini. Tangu karne ya 16 limekuwa kanisa la Waanglikana.

Tuingie ndani. Nyumba yote imejengwa kwa mfano wa msalaba. Sehemu ndefu ni mahali pa waamini. Mbele kabisa ni altare. Kulia na kushoto ni mikono ya msalaba. Nguzo nene za mawe zimepangwa kwa mistari, nazo zabeba matao yaliyochongoka juu, kama viganja viwili vilivyounganishwa kwa kusali. Katikati ya msalaba zasimama nguzo nne kubwa kuliko nyingine. Hizo zabeba mnara wa mawe.

Juu ya mnara huo wa mawe, karibu na mwaka 1362, mafundi waliweka ncha ya mbao. Toka chini hata juu kabisa ni mita 69 hivi. Simamisha michikichi mitatu mirefu, mmoja juu ya mwingine, nawe hujafika!

Wenyeji wa Chesterfield husimulia hadithi. Wasema kwamba Shetani alikuja kupumzika juu ya ncha, akaizungushia mkia wake asianguke. Chini watu walikuwa wakisali. Moshi wa ubani ukapanda, ukamwingia puani. Shetani akapiga chafya kwa nguvu, na ncha ikajipinda. Hiyo ni hadithi ya kuchekesha tu. Sasa tuwasikilize maseremala.

Ncha ilijengwa kwa mti uitwao mwaloni. Mwaloni ukikauka huwa mgumu sana, hata shoka lashindwa. Kwa hiyo mafundi wa zamani waliuchonga ungali mbichi. Hilo halikuwa kosa. Lakini mti mbichi ukikauka hunywea, na ukinywea hupinda. Fundi hodari alijua neno hilo. Aliifunga miti mirefu kwa miti mifupi ya kukingama, ili mmoja umshike mwenzake. Katika ncha ya Chesterfield miti ya kukingama haikutosha.

Kwa nini haikutosha? Mwaka 1348 ugonjwa wa tauni uliingia Uingereza. Theluthi moja ya watu, au zaidi, wakafa. Wengi wadhani kwamba maseremala wenye ujuzi walikufa pamoja nao, na kazi ikaangukia mikononi mwa watu wasiofundishwa vizuri.

Tena kuna uzito. Ncha imevikwa mabati ya risasi, zaidi ya tani 30. Mabati hayo yamepangwa mshazari, kama miba ya samaki. Huko Uingereza jua halipiti juu ya kichwa. Mchana hukaa upande wa kusini. Basi risasi ya upande wa kusini hupata moto na kutanuka kuliko ile ya kaskazini. Hivyo polepole, mwaka kwa mwaka, miti ilinywea, risasi ikalemea, na ncha ikajipinda digri 45, yaani nusu ya pembe mraba. Kilele chake kimetoka mahali pake karibu mita 3.

Je, ilianguka? Hapana. Siku ya 22 Desemba 1961 moto mkali uliwaka ndani ya kanisa. Sehemu ya upande wa kaskazini iliungua, na kinanda kikubwa cha zamani kikaharibika. Wazima moto wakapigana nao, na ncha ikapona. Hata leo yasimama, baada ya miaka zaidi ya 650. Watu wa mji waipenda sana, hata timu yao ya mpira hupewa jina la utani kwa ajili yake.

Watoto, fikirini neno hili. Mti wa kukingama ni mfupi, umefichwa ndani, hakuna mpita njia auonaye. Lakini ukikosekana, ncha kubwa hupinda mbele ya macho ya wote. Ndivyo ilivyo kazi ya siri: somo ulilojifunza bila kusimamiwa, sala ya asubuhi, neno la kweli. Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Na mti nao, ufunge ungali mbichi.

Maulizo

1. Kanisa la Chesterfield limejengwa kwa mfano gani?
2. Nguzo nne za katikati zabeba nini?
3. Kwa nini maseremala walichonga mwaloni ungali mbichi?
4. Miti ya kukingama ina kazi gani?
5. Kwa nini upande wa kusini hupata moto zaidi?
6. Tazama paa la darasa lako. Onyesha miti ya kukingama, kisha uichore.