Asilimia 98 ya nini? Namna ya kusikiliza semina ya akili mnemba

Semina za akili mnemba zimekuwa nyingi vyuoni, na nyingi zinaishia palepale: slaidi ya mwisho, namba kubwa, makofi, soda. Namba yenyewe huitwa "usahihi", asilimia 95, 97, 98. Mtoa mada akiuliza kama kuna swali, ukumbi kimya. Basi leo tutafute swali, kwa mfano wa hapa nyumbani: kinyesi cha kuku.

Usicheke. Dina Machuve na wenzake, akiwemo Neema Mduma wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, walitumia picha za kinyesi cha kuku zilizokusanywa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kati ya Septemba 2020 na Februari 2021. Wazo ni kwamba mfugaji apige picha kwa simu, modeli imwambie kuku ni mzima, au ana koksidia, salmonela au mdondo (wengine tunauita kideri). Hawakuanza sifuri. Walichukua modeli kama Xception na MobileNetV2, ambazo zilishajifunza kutambua vitu kwa picha nyingi za kawaida, wakazifundisha upya kwa kinyesi. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalivuka asilimia 98. Kwa mtu anayefuga Uru au Kibosho, mbali na daktari wa mifugo, hiyo si kazi ndogo.

Sasa tuhesabu. Picha zilizopewa lebo shambani ni 6,812: koksidia 2,103, wazima 2,057, salmonela 2,276, na mdondo 376 tu. Chukua modeli mvivu isiyojua kabisa kama kuna mdondo duniani, lakini mengine yote inapatia. Itapata 6,436 kati ya 6,812. Hiyo ni zaidi ya asilimia 94! Ukumbi utapiga makofi, na mdondo, ugonjwa usio na tiba na unaoweza kufyeka banda zima kwa siku chache, haujakamatwa hata mmoja.

Hata asilimia 98 ina maficho. Kwa uwiano huohuo, asilimia 2 ya makosa ni picha kama 136. Zikitawanyika kote, sawa. Zikiangukia zote kwenye mdondo, zaidi ya theluthi ya kuku wenye mdondo wameambiwa wako salama, na mwenye nao anawapeleka sokoni. Sisemi modeli ya akina Machuve ilifanya hivyo. Wao wameweka idadi ya kila kundi hadharani, ndiyo maana tunaweza kupiga hesabu hii. Ninaowasema ni wale wanaoleta namba moja na kukaa.

Kwa hiyo swali ni: kati ya kila wagonjwa 100 wa ugonjwa ulio mbaya zaidi, modeli imekamata wangapi? Wenzetu wa udaktari pale KCMC hawahitaji kufundishwa hili, maana kipimo cha ugonjwa hawakipokei kwa namba moja. Sisi wa kompyuta, takwimu na ushirika ndio tunameza.

Swali la pili: nani aliweka lebo? Kwenye kazi hii kuna picha nyingine 1,255 zilizothibitishwa maabara kwa kipimo cha PCR. Hizo ni chache kwa sababu maabara ni ghali, lakini ndizo zenye uzito. Modeli iliyofundishwa kwa lebo za kubahatisha itajifunza kubahatisha vizuri sana.

La tatu ni la wapi na lini. Septemba hadi Februari, masika haimo. Kinyesi kwenye maranda makavu na kinyesi kwenye tope la Aprili kule Machame vinaonekana tofauti, na kamera haijui kwamba hilo ni tope tu.

Picha zenyewe zimewekwa kwenye hazina ya Zenodo, bure. Hesabu ya kila kundi unaweza kuifanya kwa kompyuta yoyote ya maktaba. Kabla ya semina ijayo, mwombe mtoa mada jedwali la matokeo kwa kila kundi, si slaidi ya mwisho peke yake.