Insulini Safarini: Joto Huidhoofisha, Kuganda Huiharibu Kabisa

Msimu wa sikukuu za Disemba umefika na wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanajiandaa kwa safari. Wapo watakaopanda basi la usiku kutoka Malindi hadi Nairobi, na wapo watakaounganisha hadi Kisumu, Kakamega au Busia. Kwa anayeishi na ugonjwa wa kisukari na kujidunga insulini kila siku, safari kama hiyo huja na swali moja kubwa: dawa itakaa wapi hadi afike?

Wengi huogopa joto, na kwa sababu hiyo hukimbilia barafu. Chukua mfano wa mgonjwa anayeweka insulini kwenye friza usiku wa kuamkia safari ili ipate baridi ya kutosha, kisha anaitia katika kopo lililojaa barafu. Njiani dawa inayeyuka, naye anajidunga kama kawaida kwa sababu haoni tofauti yoyote. Siku ya pili ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, na akipima sukari anakuta imepanda. Hakukosa sindano hata moja, ila dawa aliyojidunga ilikuwa imeshaharibika.

Kwa nini insulini huharibika

Insulini ni protini, kama ulivyo ute wa yai. Ute ukipata moto hugeuka mweupe na mgumu, wala haurudi ulivyokuwa hata ukipozwa. Insulini nayo ikipata joto kali hupoteza nguvu, ingawa katika joto la kawaida la nyumbani jambo hilo huchukua muda. Kuganda ni hatari zaidi. Ikishaganda mara moja tu, chembe zake hushikana na dawa haiaminiki tena. Kuiyeyusha hakuirudishii nguvu. Kichupa au kalamu ya insulini iliyoganda haitumiki tena.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, katika nyuzijoto 2 hadi 8, na hudumu hadi tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Ile iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji, mahali penye kivuli, kwa takriban wiki 4, ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina yake. Muda kamili umeandikwa katika karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Ni vyema kuandika juu ya kichupa tarehe ambayo kilifunguliwa au kutolewa kwenye friji.

Huenda mkazi wa Pwani akauliza: nyuzi 30 zikipita, kama ilivyo kawaida yetu miezi ya kaskazi, itakuwaje? Jibu la kutia moyo lilipatikana humu humu nchini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kaunti ya Garissa, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha waliweka insulini katika joto kama hilo kwa wiki 4 na kuipima katika maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa nguvu yake ilikuwa sawa na ya ile iliyokaa kwenye baridi.

Funzo lake ni kwamba joto la kivulini kwa siku chache si la kumtia mgonjwa hofu hadi aikimbize dawa kwenye barafu. Hata hivyo, si ruhusa ya kuianika juani. Ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani, joto linaweza kupita nyuzi 50.

Kabla ya kuondoka

Msafiri abebe insulini na sindano mara mbili ya zile anazohitaji kwa siku atakazokaa, kwa kuwa basi huweza kuharibika na safari ikarefuka. Dawa hiyo igawanywe katika mifuko miwili, mmoja abebe mwenyewe na mwingine mwenzake, ili wa kwanza ukipotea asibaki mikono mitupu. Asisahau kipima sukari na stripu zake, kadi ya kliniki, na glukosi, peremende au soda yenye sukari kwa ajili ya sukari ikishuka ghafla.

Kifaa rahisi cha kubebea insulini kimo katika nyumba nyingi: thamosi ya chai. Isuuzwe kwa maji baridi, imwagwe na kukaushwa, kisha kichupa kilichofungwa kwa kitambaa kiwekwe ndani na kifuniko kikazwe. Thamosi nzuri huzuia joto kwa saa kadhaa bila barafu yoyote. Anayetumia barafu aizungushie taulo nene, na isigusane na dawa hata kidogo.

Njiani

Kanuni ni moja: insulini husafiri na mwenyewe, si na mizigo. Isiwekwe katika buti ya basi, juu ya dashibodi, kando ya dirisha linalopigwa na jua, wala karibu na injini. Mfuko wa suruali pia haufai, kwa sababu mwili wenyewe una joto la nyuzi 37. Basi linaposimama Voi au Mtito Andei ili abiria wale, mfuko wa dawa ushuke na mwenyewe.

Wanaosafiri kwa ndege waiweke katika mkoba wa mkononi. Mizigo ya chini huweza kupata baridi ya kugandisha, na pia huweza kuchelewa au kupotea. Barua ya daktari hurahisisha ukaguzi kwenye uwanja wa ndege. Kwa wanaokwenda hija, saa za Makka ni sawa na za Kenya, lakini joto la huko wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40 mchana, kwa hiyo insulini ibaki kwenye thamosi au mahali pa ubaridi.

Baada ya kufika

Mwenyeji akiwa na friji, dawa ikae rafu ya katikati au mlangoni, mbali na sehemu ya kugandishia na ukuta wa nyuma. Watu wa nyumbani waambiwe ni dawa, ili mtoto asiihamishie kwenye friza.

Pasipo na friji, mtungi hufaa. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, nafasi iliyo kati yao hujazwa mchanga uliolowa maji, na dawa hukaa ndani ya kopo kavu katika chungu kidogo, kisha hufunikwa kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huondoka na joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwenye hewa kavu kama ya Ganze kuliko ufuoni penye unyevu mwingi.

Dalili za kuangalia

Insulini ya maji maangavu ikiwa na ukungu au rangi, isitumike. Ile ya rangi ya maziwa, ikiviringishwa taratibu kati ya viganja na bado ikaonyesha mabonge au kunata kwenye kuta za kichupa, isitumike pia. Lakini dawa huweza kuharibika bila dalili ya macho. Sukari ikipanda bila sababu, mgonjwa afungue kichupa kipya na kupima mara kwa mara. Asijiongezee dozi bila ushauri.

Mtu akianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, kusinzia, au kutoa harufu ya matunda mdomoni, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa sikukuu.

Pia, asiache kujidunga kwa sababu tu dawa ilikosa friji. Insulini iliyopata joto ni afadhali kuliko kukosa kabisa, wakati nyingine ikitafutwa. Kabla ya safari, mgonjwa apitie kliniki yake ya kisukari, au azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwake, ili ajue mapema kituo gani kitamhudumia huko aendako.