Faida ya Ushairi, Falsafa na Sanaa Katika Maisha ya Kila Siku

Wengi wetu katika kidato cha nne twasoma mashairi kama mgonjwa anywavyo dawa chungu: kwa kuwa ameagizwa, na kwa kutumaini kwamba siku zake zitakwisha. Twahesabu mizani, twataja vina, kisha twafunga kitabu. Mwezi wa Novemba, mtihani ukiisha, vitabu vitarudi stoo na sisi tutarudi makwetu. Je, tutarudi na nini? Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba ushairi, falsafa na sanaa si mali ya mtihani. Ni vyombo vya nyumbani, navyo vyatumika kila siku.

Nianze na ushairi. Shairi la kawaida lina mishororo 4 katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16: 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Kanuni hizi alizieleza Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, wala hazikuwekwa ili kumtesa mwanafunzi. Mizani iliyo sawa na vina vinavyorudi husaidia kumbukumbu. Neno likipotea, sikio hulitafuta. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Katika miaka ile mia moja mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu na katika hati za mkono. Kama yangalikuwa hayana mizani wala vina, nadhani mengi yangalipotea njiani.

Mwana Kupona binti Msham naye alitunga utendi wake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, ili kumwachia binti yake mawaidha. Hakumwachia barua tu. Alimwachia maneno ambayo mtoto aweza kuyachukua kichwani popote aendapo. Basi tusomapo utendi ule, tusianze kwa kuuliza mtihani utataka nini. Tuulize kwanza: mama huyu alimwogopea nini mwanawe? Hapo ndipo beti zinapoanza kusema nasi.

Pili, falsafa. Neno hili huwatisha watu, kana kwamba ni la Wayunani wa kale peke yao. Lakini maana yake ya asili ni kupenda hekima, na hekima haina kabila. Wazee wetu wametuambia kwamba haraka haraka haina baraka. Wazee hao hao wametuambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Lipi la kweli? Mwaka jana mwenzetu mmoja wa bwenini alifiwa na baba, akataka kuacha shule ili akavue samaki na kuwalisha wadogo zake. Usiku ule mmoja wetu alimpa methali ya kwanza, mwingine akampa ya pili. Yeye alinyamaza sana, kisha akatuuliza, "Na mama yangu, ipi itamfaa?" Hatukuwa na jibu. Alikwenda kwao, akakaa na mama yake na amu yake wakashauriana, na baada ya juma mbili akarejea darasani. Kwangu mimi swali lile lilikuwa falsafa kamili: methali ni taa, lakini mwenye kuishika hana budi kutazama ni nani anayemmulikia.

Tatu, sanaa. Tazama khanga: ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mama yangu hakubahatika kusoma, kwa hiyo twendapo dukani hunitaka nimsomee jina kabla hajatoa fedha. Siku moja aliipenda sana khanga moja kwa rangi zake, lakini nilipomsomea jina aliikunja akairudisha. Akasema, "Hii nikiivaa mbele ya wifi yangu, nitakuwa nimemjibu kabla hajanisema." Katika kitambaa kimoja mama alipima uzuri wa rangi, uzito wa maneno na haki ya jirani. Sijaona mhakiki aliyefanya zaidi.

Wala sanaa haingoji utajiri. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972. Hata hivyo mtindo wake wafuatwa na wachoraji mpaka leo, nao waitwa kwa jina lake.

Ndugu wasomaji, nawashauri mambo matatu. Kwanza, soma shairi kwa sauti, mara mbili, kabla ya kutazama maelezo yake. Pili, ukisikia methali, tafuta inayoipinga, kisha fikiri kila moja yafaa wapi. Tatu, kabla ya Novemba, kila mmoja wetu achague shairi moja alipendalo, alihifadhi lote moyoni. Kitabu ni cha serikali, nasi tutakirudisha. Lakini lililohifadhiwa moyoni hakuna mtunza stoo atakayelidai.